Nani kakwambia huyu mtoto ataiba tena?

POSTI YA 1

Najua mlikuwa mnangoja niendelee na uji wa mtoto wa miezi 6. Nitarudi, uji hauendi popote. Leo nina hasira kidogo, na hasira yangu inawahusu nyinyi mnaonisoma, kwa hiyo tuvumiliane.

Wiki iliyopita kwenye grupu moja la akina mama ilirushwa picha ya kijana. Amekalishwa chini mnadani, mikono nyuma, uso umevimba, shati limechanwa. Chini yake maandishi: mwizi wa simu, sugu, sambazeni. Nikaanza kusoma mliyoandika. "Hawa hawabadiliki." "Mtoto wa nyoka ni nyoka." "Apelekwe Irambo asirudi huku." "Mmang'ati huyo, ulitegemea nini?" Na mama mmoja, ambaye mtoto wake nimempima uzito kwa mkono wangu mwezi uliopita, akaandika kwamba wangemmalizia palepale yaishe.

Sasa niwaambie kitu ambacho picha haikuwaonyesha. Kijana yule aliletwa kwetu na askari, na PF3 mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mimi ndiye niliyeosha yale majeraha. Ana miaka 14. Jina lake siandiki, kijiji chake siandiki, na mambo madogomadogo nimeyageuza ili asitambulike. Mama yake ameniruhusu niandike.

Nilimuuliza jina lake. Kimya. Nikarudia. Kimya. Askari akacheka, akasema, "Unaona nesi, kiburi hiki, huyu atarudi tu." Mara ya tatu nikamshika kidevu nikamgeuzia uso wangu, nikauliza polepole. Akanitazama mdomo, akajibu vizuri kabisa, kwa heshima, na shikamoo juu.

Nikachukua kile kifaa cha kuchungulia sikio. Kushoto usaha mtupu. Kulia ngoma ya sikio ina tundu. Mama yake alipofika nikamuuliza, akasema masikio yalianza kutoa maji akiwa bado ananyonya, wakampa dawa, yakakauka, yakarudi, basi wakazoea. Shuleni alikaa nyuma, mwalimu akasema ni mkaidi, akachapwa miaka kadhaa kwa kutojibu asichokisikia. Darasa la tano akaacha. Tangu hapo anashinda mnadani.

Je, aliiba simu? Ndiyo, aliiba. Amekiri. Sitetei wizi.

POSTI YA 2

Wengi mmeniuliza inbox, "Nesi, kwani kosa letu nini? Si ni kweli watarudia?"

Swali la kama mtoto atarudia kosa ni swali halali. Hata sheria inaliuliza. Ninachokataa ni namna mnavyolijibu, kwa dakika mbili, kwa kutazama picha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivi, na naomba msome polepole. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kati ya 10 na 12, lazima kwanza ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kuelewa kuwa anachofanya ni kosa. Kesi yake inasikilizwa mahakama ya mtoto, faraghani, watu hawaingii kushangaa. Hatakiwi kuchanganywa na watu wazima. Na mtoto HAFUNGWI jela. Hakuna hakimu anayeweza kumpa mtoto kifungo cha jela, hata mkipiga kelele vipi kwenye grupu.

Ile picha mliyosambaza nayo ina neno lake. Mtoto mwenye kesi kwenye mahakama ya mtoto hairuhusiwi kutangaza habari zinazomtambulisha. Futeni. Nasubiri.

Sasa kama hafungwi, hakimu anamfanyaje? Anaweza kumwachia kwa masharti, akiwa chini ya uangalizi wa mzazi au ndugu. Anaweza kuagiza fidia ilipwe. Na anaweza kumpeleka shule ya maadilisho. Kwa Tanzania Bara shule hiyo ni Irambo, iko Mbeya. Mbeya, jamani! Mama wa Dongobesh akitaka kumwona mwanaye akapande mabasi mangapi, alale wapi, amwachie nani mbuzi na mtoto wa mgongoni?

Hata kumweka mahabusu akisubiri kesi ni shida. Mahabusu za watoto nchi hii zinahesabika kwa vidole, kama zile za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Kwetu ya karibu ni Arusha. Na kwa sababu ni mbali, mtoto anaishia selo ya kituo, na mnajua selo ina nani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua vizuizi mwaka 2011 ikakuta watoto wamechanganywa na watu wazima.

Kwa hiyo uamuzi wa hakimu ni mzito, na karatasi inayomsaidia kuamua ni moja: ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Hapo ndipo swali lenu la "atarudia?" linapojibiwa rasmi. Afisa anatakiwa aende nyumbani, azungumze na mtoto, wazazi, shule, majirani, kisha aandike.

Miaka ya nyuma mzazi mmoja alinionyesha ripoti ya mwanaye. Sitaji wilaya wala ofisi. Mistari haikufika kumi. Familia duni. Baba mlevi. Mtoto hana nidhamu, hajibu maswali. Anaweza kurudia kosa. Basi. Hakuna aliyefika nyumbani kwao. Afisa alikuwa mmoja, kata nyingi, pikipiki haina mafuta. Simlaumu yeye peke yake. Mimi pia najua kuwa mmoja kwenye zamu ya watu watatu. Lakini sisi manesi tukiandika "anaweza kuwa na malaria" bila kupima, tunaitwa kujieleza.

POSTI YA 3

Hii ndefu, chukueni chai.

Kuna watu wamefanya kazi ya kutafuta namna ya kupima uwezekano wa kijana kurudia kosa. Hawatumii jicho. Wanatumia madodoso. Kanada kuna moja lina maswali 42 katika maeneo 8: makosa ya nyuma, malezi ya nyumbani, shule au kazi, marafiki, ulevi na dawa, muda wa mapumziko anafanya nini, tabia yake, na mtazamo wake. Marekani kuna jingine, linaitwa SAVRY, la vijana wa miaka 12 mpaka 18, linaangalia zaidi hatari ya ukatili. Lina mambo 24 ya hatari. Halafu lina mambo 6 ya KINGA. Mimi kama mtu wa chanjo nilipoliona neno hilo nilifurahi. Je, kuna mtu mzima mmoja anayemjali? Anapenda shule? Ana marafiki wema? Anakubali kusaidiwa? Sita kati ya thelathini, lakini angalau yapo.

Sasa nijibuni kwa haki. Mlipoandika "hawabadiliki", mlipima kinga ipi?

Madodoso yenyewe, pamoja na usomi wote huo, yanakosea sana. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa uchambuzi uliokusanya watu karibu 25,000 waliopimwa kwa vipimo vya namna hii. Kati ya kila watu 100 ambao kipimo kiliwaita hatari kwa ukatili, waliokuja kufanya ukatili kweli walikuwa 41. Yaani 59 walibandikwa jina la bure. Upande wa pili, wale walioitwa si hatari, 91 kati ya 100 hawakufanya kitu. Kwa hiyo kipimo kinafaa zaidi kutuambia nani tumwache aende nyumbani kuliko nani tumfungie.

Mnakijua kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu kwenye kidole, unangoja mistari? Tuseme katika kila watoto 100 waliosoma malaria, 59 hawana malaria. Ningewapa dawa? Pengine ningewapa, dawa yenyewe haiui. Lakini kama "dawa" ni kumtoa mtoto nyumbani kwao na kumpeleka Mbeya, au kumlaza selo na majambazi, nisingethubutu. Ukali wa tiba lazima ufuate uhakika wa kipimo. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

Na hicho ni kipimo cha wasomi. Cha kwenu cha grupu, Mungu ndiye anajua.

Kitu kingine. New Zealand, mji wa Dunedin, waliwafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, toka utotoni mpaka leo ni watu wazima wenye wajukuu. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, mwaka 1993, akaandika kwamba vijana wanaovunja sheria ni wa makundi mawili. Kundi dogo huanza mapema sana, wakiwa wadogo kabisa, na huendelea ukubwani. Kundi kubwa huanza na ujana na huacha na ujana. Kubalehe kunawaingiza, maisha yanawatoa. Anapata kazi, anaoa, anaona aibu. Ukiwakuta wote wana miaka 14 huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Inabidi uulize ya nyuma: alianza lini, alikuwaje na miaka mitano, nyumbani kulikuwaje.

Waulizeni waume zenu. Nani hajawahi kuchuma mahindi ya watu au kukamua mbuzi asiye wake akiwa kachungani? Mnacheka. Angepigwa picha siku ile, leo ungeolewa naye?

POSTI YA 4

Kuna neno kwenye yale maoni limenikaa kooni. "Mmang'ati huyo."

Mnajua jina hilo limetoka wapi? Ni la Wamasai. Kwa Kimasai maana yake ni adui. Wenyewe ni Wadatoga, na huku Hanang wengi ni Wabarabaig. Yaani kuna watoto kwenye wilaya hizi wanazaliwa wakiwa tayari wameitwa adui, halafu tunakaa tunawapima kama ni hatari. Enzi za mkoloni ilikuwa hivyohivyo: mtu mmoja akiua, ukoo na majirani wanatozwa ng'ombe, mwenye kosa na asiye na kosa. Halafu miaka ya sabini na themanini yakaja mashamba ya ngano ya serikali pale Basotu, wakapoteza malisho yao mazuri kabisa. Kijana ambaye babu yake alikuwa na ng'ombe mia leo anabeba mizigo mnadani. Kwenye dodoso anapata alama: hana kazi. Anahamahama. Hana shule.

Mimi ni Mwiraqw. Nyumbani kwetu nimekua nikisikia maneno hayo, na nimeyasema pia. Sijitoi.

Na hapo ndipo hata vipimo vizuri vinaponitia shaka. Vinahesabu bahati mbaya kama hatari. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliporomoka, tope na mawe vikashuka Katesh, Gendabi, Jorodom. Wengine wetu tulipokea wale watu. Chukua mtoto aliyepoteza mama na nyumba siku ile, akaenda kukaa kwa shangazi, akahamishwa shule, akaanza kuzurura. Sasa akikamatwa ameiba, dodoso litauliza: anaishi na wazazi? Hapana. Amehamahama? Ndiyo. Matokeo ya shule yameshuka? Ndiyo. Alama, alama, alama. Mlima umemwongezea alama! Afisa anayejua kazi yake atasoma alama zile kama orodha ya mahitaji: huyu anataka mlezi, anataka shule, anataka mtu wa kuzungumza naye. Afisa aliyechoka atazisoma kama hukumu. Karatasi ni ileile.

Kijana wangu wa masikio naye ni vivyo hivyo. "Hajibu maswali." Sikio hilo linatibika, jamani. Kusafishwa, dawa ya matone, asiingize maji, afuatiliwe, na ikibidi daktari wa masikio. Hakuna swali la sikio kwenye ile mistari kumi.

POSTI YA 5

Mama mmoja kaniandikia kwa ukali na nimemheshimu kwa sababu kaandika kwa jina lake. Anasema, "Nesi wewe unaongea kwa sababu hujaibiwa. Mimi vitunguu saumu vyangu vya msimu mzima vilibebwa usiku. Nilitegemea ada ya mtoto. Nani ananifikiria mimi?"

Nakufikiria, dada. Na mimi nimeibiwa, sola yangu iliondoka juu ya bati nikiwa zamu ya usiku, na aliyechukua alikuwa kijana wa jirani. Nililia. Nilitamani apigwe, kweli kabisa.

Tena nakubali kwamba wapo vijana wa hatari. Kijana wa 17 aliyebaka, au anayetembea na panga na genge, aliyeanza akiwa na miaka minane na kila mwaka anazidi, huyo simwambii mtu akae naye tu kwa sababu ni mtoto. Nimehudumia walioumizwa na vijana kama hao. Ndiyo maana nataka kipimo cha kweli! Ukiwaita wote sugu, huyo wa kweli anapotea katikati yao. Na mbaya zaidi, unampa wanafunzi.

Kuna hii ya "alazwe selo siku mbili tatu, atashika adabu". Wamarekani walishaijaribu. Miaka ya sabini, gereza moja la New Jersey, vijana walipelekwa wakatishwe na wafungwa wa maisha. Ikatengenezwa filamu mwaka 1978, ikapendwa nchi nzima. Baadaye watafiti walipolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliorudia makosa ZAIDI. Yaani wangeachwa tu ingekuwa afadhali. Kanada, Montreal, waliona jambo la jamii hiyohiyo: vijana waliopitia mikononi mwa mfumo wa sheria walikuja kukamatwa ukubwani zaidi ya wenzao wa tabia zinazofanana ambao hawakupitia. Hamhitaji mtafiti awaelezee. Mtoto aingie selo hajui kuvunja kufuli, alale na mtu anayejua.

Hapa hapa Tanzania kuna njia nyingine iliyojaribiwa. Temeke, toka 2012, ulianza mpango wa kumrekebisha mtoto akiwa nyumbani kwake: anabaki na familia, anapangiwa ratiba, ana mtu wa kumfuatilia, wazazi nao wanafundishwa. Najua mtasema Temeke ni Dar, huku nani atakuja. Ni kweli. Lakini kitu kama mtu mmoja wa kumfuatilia mtoto huhitaji mradi wa kutoka Dar. Tuna wajomba, tuna wachungaji na makatekista, tuna mafundi wa pikipiki wanaotafuta vijana wa kuwasaidia. Kwa Wairaqw na kwa Wadatoga, wazee walikuwa wanakaa chini, kosa linatajwa, mali inarudishwa, na mtoto anarudi kundini mbele ya watu wote. Sisemi yote ya zamani yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa ya kuonea wanawake, nayajua. Lakini hilo la kurudishwa kundini tumelitupa, tukashika la kupiga picha.

Na yule dada wa vitunguu: fidia ipo kwenye sheria. Kijana akiwa selo au Mbeya hakulipi hata punje. Akiwa nyumbani anafanya kibarua, mbele ya mwenyekiti mnaweza kupanga.

POSTI YA 6

Ya mwisho kwa hili. Kuna akina mama watatu wameniandikia faragha kwamba watoto wao wana kesi, na mmoja anaulizwa na afisa wiki ijayo hajui aseme nini. Nawajibu wote hapa.

Usingoje afisa akufuate. Mfuate wewe ofisini kwake halmashauri, mwambie wewe ni mama wa fulani, namba ya kesi hii, unaomba afike nyumbani kabla hajaandika. Akisema hana usafiri, muulize kama mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wanaweza kuja kwake. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto, hata kama imechakaa, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Umri ukikosewa, kila kitu kinakosewa, na watoto wetu wengi wanaandikiwa umri kwa kutazamwa urefu. Sema ugonjwa wowote aliowahi kuugua: degedege, kifafa, kuanguka kichwa, masikio, macho. Msione aibu na kifafa, huku kwetu kipo sana na Haydom kimechunguzwa miaka na miaka. Sema ukweli kuhusu nyumbani. Kama baba anakunywa na kupiga, sema, lakini sema pia nani hanywi. Mtafute huyo mtu mmoja, mjomba, shangazi, fundi, aende mwenyewe akaseme: mimi nitakaa naye, atafanya kazi hii, ataripoti siku hii. Hakimu akiona mtu amesimama na mpango, ana kitu cha kushika. Asipoona, anabaki na mistari kumi.

Na mwombe mtoto apimwe kabla ya ripoti kuandikwa. Njooni kituoni. Nikiwa zamu nitampima, na nisipokuwepo mwambieni mwenzangu mmetumwa na mimi.

Kijana wetu kesi yake inatajwa tena Alhamisi. Sikio la kushoto limeanza kukauka. Fundi mmoja wa baiskeli, mzee wa kanisani kwao, amesema atakwenda mahakamani. Mwenye simu amesema akilipwa nusu anatosheka. Yule mama aliyeandika "wangemmalizia" alikuja kliniki juzi na mtoto wake, akaniangalia, nikamwangalia. Nikampima mtoto. Kilo 8 na nusu, anaendelea vizuri. Jioni nikaona ameifuta ile picha.

Bado ninyi wengine kumi na tisa. Nimehesabu.

Jumatatu tunarudi kwenye uji. Nitaanza na ulezi, na nitawaambia kwa nini karanga zisagwe vizuri.